Mabeseni Matatu ya Oili

Ukitaka kumkasirisha Mama Pasi, mpe shuka lililokunjwa na mtu mwingine. Atalikunjua mbele ya macho yako, atalinyoosha mezani, kisha atalikunja upya pole pole huku akikuuliza habari za nyumbani na hali ya watoto. Hakutukani, hakununii. Lakini ukitoka hapo utakuwa umejua kwamba umepimwa na umepatikana pungufu.

Chumba chake cha kazi kilikuwa ubavuni mwa nyumba, dirisha likitazama uani. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, rafu za mbao zilizojaa mashuka ya nyumba za wageni, na harufu ya sabuni iliyokuwa imeshahamia kwenye kuta. Udobi aliuanza akiwa msichana, kwa shangazi yake, mwanamke mkali aliyemwachia urithi wa mikono yenye nguvu na sheria moja tu: nguo huisuuzi mpaka uchoke wewe, unaisuuza mpaka maji yakubali. Beseni la kwanza, beseni la pili, beseni la tatu. Maji ya mwisho yakitakata hata ukaona ua lililochorwa chini ya beseni, hapo ndipo unakamua. Anayekamua kabla ya hapo ni mvivu, na mvivu, kwa maneno ya shangazi, hata maiti yake itavaa sanda yenye sabuni.

Mumewe watu walimwita Taratibu. Miaka mingi aliendesha basi la masafa marefu, na jina hilo alipewa na abiria. Wenye haraka walilitamka kwa hasira, wenye watoto wachanga wakalitamka kama dua. Hakuwahi kugonga hata kuku. Alipostaafu alinunua gari la dizeli lililokwisha kula chumvi nyingi, la samawati iliyopauka, lenye mkia mrefu na mlango wa nyuma usiofunguka bila kusukumwa kwa bega. Walilipa jina la Ajuza, maana asubuhi lilianza kwa kukohoa, likafuatia kulalamika, na likishapata moto hakuna aliyeweza kulinyamazisha.

Ajuza ndiye aliyebeba mafurushi ya mashuka kwenda na kurudi. Na ndani yake Mama Pasi alijifunza udereva, akiwa tayari ana wajukuu. Majirani walitoka kutazama wakajifanya wanafagia nyua zao. Sasa alikuwa anarudi nyuma na mzigo hadi mlango wa jiko la nyumba ya wageni bila kugusa pipa wala paka.

Ila chini ya gari hakuwahi kuingia. Huko kulikuwa ni milki ya Taratibu. Mafundi wa gereji alikuwa ameshawafuta kwenye moyo wake tangu mmoja wao alipokaza boliti ya oili kwa nguvu za ugomvi, ikaja kufunguka na nusu ya meno yake. Tangu siku hiyo oili aliibadilisha mwenyewe. Na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watoto walipokuwa bado nyumbani: akiwa chini ya gari, alijitangazia. Kila alichofanya alikisema kwa sauti, kama mtangazaji wa mpira redioni. "Injini tumeshaipasha moto kidogo, maana oili baridi ni nzito, haitoki yote. Sasa tunashika spana. Tunalegeza. Taratibu! Inakuja yenyewe, hatuitishi." Mama Pasi alikuwa dirishani na pasi yake, wala hakusema neno. Sikio halilali njaa. Mwaka ukaja, mwaka ukaenda, kila baada ya muda fulani matangazo yaleyale, naye akapiga pasi na kusikiliza.

Kisha siku moja yule mzee aliyemaliza barabara zote za nchi bila mkwaruzo akaangushwa na kigoda, akibadilisha balbu sebuleni. Bega la kulia likafanyiwa upasuaji. Daktari alimwambia asiinue kitu, asilalie mgongo akanyoosha mkono juu, na habari za spana azisahau, pengine kwa miezi, pengine kabisa. Taratibu alimsikiliza kwa adabu. Alirudi nyumbani akaketi kwenye kiti cha sebuleni, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu hakuinuka tena. Mwili uliinuka, ndiyo, kwenda kula na kulala. Lakini mtu mwenyewe alibaki kitini. Redio iliongea, yeye hakujibu, na zamani alikuwa akibishana nayo mpaka kwenye taarifa ya hali ya hewa.

Siku ya Ajuza kubadilishwa oili ikapita. Mama Pasi alimkumbusha mara moja, kwa upole.

"Nimeshaongea na mdogo wangu," Taratibu akasema, macho yako ukutani. "Atalichukua. Tumekubaliana bei. Atabebea mayai yake."

"Atachukua nini?"

"Gari."

"Baba, gari la kazi hili. Mafurushi nitabeba kichwani?"

"Tutatafuta mtu wa kubeba. Mama, gari nisiloweza kulihudumia la nini? Nikalipeleke kwa wale wavunja boliti? Bora liondoke likiwa zima."

"Na wewe je?"

"Mimi nimefanya nini?"

Mama Pasi alirudi kwenye pasi yake. Alimjua mumewe. Huyu hakuwa anauza gari. Alikuwa anajiondoa mwenyewe, kipande kwa kipande, na kipande cha kwanza kilikuwa Ajuza. Gari likitoka uani, hataamka tena kwenda kulisikiliza asubuhi, hatauliza limesumbua wapi, na kile kiti kitamkalia yeye badala ya yeye kukikalia. Hilo lilimtisha Mama Pasi kuliko furushi lolote la kichwani.

Mdogo wake Taratibu, muuza mayai, alikuwa mtu mwema mwenye kelele. Jumamosi asubuhi alikuja na teksi kumchukua kaka yake, wampitie daktari wa mazoezi ya bega, kisha warudi alichukue gari.

"Shemeji!" akaita kutoka getini. "Andaa machozi ya kuagana, mchana naondoka na mke mwenzio!"

"Nenda huko," Mama Pasi akamjibu. "Huyo ukimkalia vibaya atakuangusha, nakwambia."

Wakaondoka. Mama Pasi akasimama katikati ya ua, akamtazama Ajuza, Ajuza naye akamtazama kwa taa zake mbili zenye ukungu. Kama shida ni mtu wa kulihudumia gari, basi apatikane mtu, tena apatikane kabla ya mchana. Chini ya kitanda mlikuwa na madumu mawili ya oili mpya, kwa sababu Taratibu hakuwahi kununua kitu kimoja palipokuwa na nafasi ya viwili, na chujio jipya bado limo kwenye boksi lake. Alivitoa vyote. Akachukua na ovaroli ya mumewe iliyoning'inia nyuma ya mlango.

Ovaroli ilikuwa na makunyanzi. Aliipiga pasi kwanza. Msomaji anayecheka hapa hajawahi kuwa dobi.

Kisha akaanza, na ajabu ni kwamba hakuhitaji kufikiri. Sauti ya mumewe ilikuwa kichwani mwake yote, na yeye akawa anaifuata. Aliwasha injini akaiacha ipate moto kidogo. Akaweka chini zile mbao mbili zilizochongwa mteremko, akapandisha magurudumu ya mbele juu yake kwa hatua ya konokono, akavuta breki ya mkono, akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akalisukuma gari kwa kiuno kuhakikisha. Ajuza hakutikisika. Akazima. Akatandika gunia, akalala chali, akajivuta chini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hakuna aliyemwambia Mama Pasi kwamba mvunguni mwenyewe kuna joto, kuna giza, na kuna tope lililokauka linalongoja jicho la mtu. Alipapasa mpaka akaipata boliti. Akaishika kwa spana. Kulegeza ni kushoto, alikuwa amelisikia hilo mara mia. Lakini kushoto kwa nani? Kwa aliyesimama au kwa aliyelala chali kama yeye? Alijaribu upande mmoja, boliti ikagoma. Akasita kuongeza nguvu, akiogopa asije akawa ndugu wa yule fundi wa ugomvi. Hatimaye akafumba macho, akajifanya anafungua mfuniko wa chupa iliyogeuzwa juu chini, mkono ukaenda wenyewe. Boliti ikatoa mlio mdogo, ikalegea.

"Inakuja yenyewe," Mama Pasi akamwambia Ajuza, "hatuitishi."

Ilikuja kweli, tena na mvua yake. Oili ya moto ikamwagika kwenye beseni, na sehemu yake ikapita kwenye kiganja, ikafuata mkono wa ovaroli hadi kwapani, ikipita juu ya mkunjo wa pasi aliokuwa ameutia dakika chache tu zilizopita. Alipiga kelele moja, akacheka. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaacha mpaka mchirizi ukawa matone, na matone yakaanza kuhesabika.

Chujio la zamani, ambalo Taratibu hulifungua kwa mkanda maalumu na maneno ambayo hayatangazwi redioni, Mama Pasi alilifungia kitambaa kibichi akalikamua kama blanketi la watu wawili. Likaachia mara moja. Jipya akalijaza oili kwanza, akapaka mpira wake kwa kidole, akalifunga kwa mkono mtupu, kama alivyosikia. Akaifuta boliti, akabadilisha kijipete chake cha shaba, akairudisha na kuikaza kwa kiasi, kisha akaongeza kidogo tu, ile kidogo ambayo mumewe huiita "ya kuagana". Akatoka, akamimina oili mpya. Ilishuka kwenye faneli ikiwa na rangi ya asali, safi, inameremeta, akaipenda kwa moyo wake wote.

Akawasha. Taa ya oili ikawaka, ikazimika. Akamwacha Ajuza aongee kidogo, akazima, akangoja oili ishuke, akavuta kijiti cha kupimia na kukifuta kwenye kitambaa. Kitambaa cheupe, bila shaka. Mama Pasi hakuwa na kitambaa cha rangi nyingine.

Mstari uliobaki kwenye kitambaa ulikuwa mweusi tii.

Alirudisha kijiti, akakivuta tena. Cheusi. Akakigeuza kwenye mwanga. Cheusi kama masizi ya sufuria. Ile asali yote aliyoimimina ilikuwa wapi? Akawaza mambo mawili kwa pamoja, na yote yalimwumiza. Ama hakuitoa ile ya zamani vizuri, ama ameiharibu injini. Na hapa ndipo unapotakiwa kumwelewa. Matangazo yote ya Taratibu yalikuwa kwa masikio. Mama Pasi alijua mlio wa boliti, alijua muda wa kungoja, alijua hata mahali pa kusafisha koo. Rangi hakuitangaza mtu. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuona oili ya dizeli inakuwaje baada ya kuonja injini, kwa sababu alikuwa dirishani anapiga pasi.

Basi akaamua kama dobi. Suuza moja imekataa, tusuuze tena.

Akarudi chini. Safari hii alichukua beseni la pili, lile la mashuka meupe, lililosuguliwa hata lingeweza kunywewa uji. Akafungua, akatoa ile oili aliyoiweka muda mfupi uliopita, akafunga, akamimina dumu la pili. Akawasha, akangoja, akazima, akakivuta kijiti.

Nyeusi. Labda na wekundu kidogo, labda, ukiwa na huruma. Aliinua kitambaa juani, akakisogeza puani, akakipeleka mbali kama mtu asiye na miwani.

"Wewe bibi," akamwambia Ajuza, "umekula nini?"

Mtu mwingine angekaa chini akangoja msaada. Mama Pasi alikwenda kuleta beseni la tatu. Shangazi yake kaburini angesimama kumpigia makofi. Akaiachia oili yote ishuke tena, akisema moyoni kwamba akishamaliza atakimbia dukani kutafuta dumu jingine, na isipotakata kwa hilo atatafuta na jingine. Ila moyo wenyewe ulikuwa umeshaanza kulowa. Mchana ulikuwa umefika. Gari lilikuwa tupu, limesimama juu ya mbao kama mgonjwa aliyeachwa kitandani na daktari, na hakuna kitu kitakachomthibitishia Taratibu kwamba gari liuzwe kama kulikuta katika hali hiyo. Alitaka kumwonyesha mumewe kwamba mikono ipo. Sasa mikono ilikuwepo, na angalia ilichofanya.

Alikuwa bado chini, kichwa karibu na boliti, aliposikia geti.

"Shemeji!" sauti ya muuza mayai ikaja mbele ya mwenyewe. "Mke mwen... Kaka. Kaka, njoo uone. Shemeji anapika."

Miguu miwili ya viatu vya ngozi ikasogea polepole ikasimama kando ya gari. Mama Pasi aliijua miguu hiyo. Ikatembea hadi kwenye beseni la kwanza, ikasimama. Ikaenda la pili, ikasimama. Ikaenda la tatu.

"Mama," Taratibu akaita.

"Nipo."

"Naona upo. Toka nikuone."

Akajivuta nje, ovaroli nyeusi upande mmoja tangu kiganja hadi kiunoni, tone la oili kwenye nyusi. Taratibu alikuwa amechuchumaa kwa shida, mkono wa kulia umefungwa kifuani, kidole cha mkono wa kushoto kimo ndani ya beseni la tatu. Alikitoa, akakisugua kwa dole gumba, akanusa.

"Hii umeiweka lini?"

"Sasa hivi."

"Na hii?"

"Kabla ya hiyo."

"Mpya zote mbili? Za chini ya kitanda?"

"Mpya."

"Sasa kwa nini umezitoa?"

"Baba, chafu. Nimeisuuza mara mbili, haitakati."

Taratibu alimtazama mkewe, akayatazama mabeseni matatu yaliyojipanga mstari mmoja, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama siku yoyote ya kazi. Bega la kushoto likaanza kutikisika. Kisha tumbo. Mama Pasi alidhani analia, akaruka kumshika, kumbe mzee anacheka, anacheka kwa sauti ile ya zamani iliyokuwa ikisikika hadi kiti cha nyuma cha basi, huku akijishika bega la kulia na kupiga kelele, "Aaa! Aaa! Linauma! Mama, umenifua injini!"

"Unacheka nini?"

"Umenifua injini yangu!"

"Nisaidieni jamani, huyu mtu anacheka nini?"

Ilibidi aketi kwenye gunia ndipo aweze kusema. Oili ya dizeli, akamweleza akifuta machozi, huwa nyeusi papo hapo. Injini ya dizeli inatoa masizi, na kazi ya oili ni kuyabeba yasigande kwenye vyuma. Dakika chache tu ikizunguka, kwisha habari zake. Hata ungeisuuza mpaka wajukuu waoe.

Mama Pasi alikitazama tena kitambaa chake. "Kumbe ndiyo sabuni yenyewe," akasema. "Maji ya kufulia yakibaki meupe, hakuna kilichofuliwa."

"Hapo hapo."

"Na hukuweza kulisema hilo?" Hasira sasa ikampanda, hasira tamu ya mtu aliyeponea chupuchupu. "Miaka yote unatangaza chini ya gari! Boliti umeitangaza, spana umeitangaza, mpaka ile 'ya kuagana' umeitangaza. Hilo moja ukalificha?"

Kicheko kikamtoka Taratibu usoni kidogo kidogo, kikaacha kitu kingine mahali pake.

"Nilidhani najisemea," akasema. "Sikujua kuna msikilizaji."

"Nilikuwa dirishani."

"Siku zote?"

"Ningekwenda wapi? Nilikuwa napenda kukusikia."

Muuza mayai, ambaye kwa kawaida hakosi neno, aligundua kwamba kuna mbuzi wa jirani anayestahili kutazamwa, akaenda kumtazama. Taratibu aliinamisha kichwa. Akasafisha koo mara mbili. Mama Pasi akajipa kazi ya kufuta spana ambayo haikuwa chafu.

"Haya," Taratibu akasema hatimaye, akanyoosha mkono wa kushoto ainuliwe. "Hili beseni la tatu ulilitoa wapi?"

"Nalo ni la mashuka. Nimelisugua mwenyewe."

"Basi ni safi kuliko kiwanda. Hii oili inarudi ndani. Ile ya beseni la pili tuiweke kwenye dumu, ifunikwe, itafaa safari ijayo. Lete kitambaa cha kuchujia."

Mama Pasi alikwenda chumbani kwake, akasimama mbele ya rafu. Foronya za wateja hazikuwa zake. Akaingia chumba cha kulala akaivua foronya yake mwenyewe, nyeupe, yenye taraza pindoni, akaishika kwa muda mdogo kama mtu anayeaga msafiri, akaipeleka.

Akarudi chini ya gari. Na juu yake, kwa mara ya kwanza tangu ile balbu, matangazo yakaanza, ila sasa yalikuwa maswali.

"Boliti umeipata?"

"Nimeipata."

"Umeifuta?"

"Imetakata."

"Anza kwa vidole, usianze kwa spana. Ikiingia upande utaiua."

"Vidole ndivyo vinavyoanza, Baba. Sasa spana. Nakaza. Bado. Bado. Hapo. Na ya kuagana."

"Isiwe ndefu!"

"Ni ya watu wanaoonana kesho."

Taratibu akacheka tena, akajishika bega tena. Kisha akaweka faneli mdomoni mwa injini, akatandika foronya juu yake, akaishikilia kwa mkono mmoja mzima huku mdogo wake akiinua beseni na kumimina, suruali yake ikipokea sehemu yake. Mzee alimfokea mdogo wake kwamba anamimina kama anayezima moto. Alimfokea kuhusu kiwiko. Alimfokea kuhusu viatu. Mama Pasi, akijipangusa uso, alisikiliza huko kufokea kote kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi kirefu.

Wakawasha. Taa ikawaka, ikazimika. Ajuza akakohoa, akalalamika, akatulia kwenye ngurumo yake nzito. Taratibu akainama, shavu karibu na boneti, mdomo wazi kidogo. Alitazama chini ya gari asione tone. Mama Pasi akaondoa mawe, akamshusha Ajuza kwenye mbao, akazima, na oili iliposhuka Taratibu akakivuta kijiti mwenyewe, akaonyesha alama mbili na mstari mweusi uliosimama katikati yake, pasipo kuzidi wala kupungua.

"Unaona?" akamwambia mkewe. "Nyeusi. Na ni nzuri."

"Nyeusi na ni nzuri," Mama Pasi akakubali, ingawa roho bado ilimwasha aifute.

Muuza mayai alijikung'uta suruali, akatazama jua, akakohoa kidogo. Alikuwa mtu wa biashara na siku ilikuwa inakwenda.

"Kaka," akasema, "sasa mimi si naondoka nalo?"

Mama Pasi alisimama palepale alipokuwa, kitambaa mkononi. Alimtazama mumewe. Taratibu alikuwa anafunga boneti kwa mkono wa kushoto. Aliifunga, akaigonga mara mbili kama mtu anayempigapiga ng'ombe, na hakugeuka upesi.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Muulize mwenye gari. Mimi siku hizi ni abiria. Abiria mwenye mdomo, lakini abiria."

Dereva yule alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo kujihusu, na wote watatu walijua. Muuza mayai akageuka.

"Shemeji?"

"Haliuzwi," Mama Pasi akasema, na sauti ilipomtoka ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia, hata mbuzi wa jirani akainua kichwa. "Mayai yako tutakubebea. Ila uyafunge vizuri, mwenye gari ni mkali."

Muuza mayai akacheka, akasema amejua tangu alipoona mabeseni, akaenda getini kutafuta teksi. Kuna mashuka ya nyumba ya wageni yaliyokuwa yanangoja kupelekwa. Mama Pasi alinawa mikono, akayapakia, akaingia nyuma ya usukani na ovaroli yake ya upande mmoja mweusi. Taratibu akazunguka hadi mlango wa pili, akaufungua, akaingia, akafunga mkanda kwa mkono wake mzima, na kabla hawajafika getini alikuwa ameshamwambia mara mbili apunguze mwendo.